Nilipanda mchunga uani ili mama yangu asiende tena kwenye mawe mekundu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Napita, nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kuna mtu aliuliza kwenye uzi mwingine kama mchunga unaweza kupandwa nyumbani, na watu wakamcheka. Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikaona mstari mmoja hautoshi.

Nitakayoyasema yamenitokea mimi na watu wa nyumbani kwangu. Nikikosea basi ni kwenye saa, maana siku ile sikuwa na akili ya kuangalia saa.

Nipo Kismayo. Natengeneza injini za boti. Kwetu hasa ni Ngumi, kisiwa kidogo, wenyewe ni Wabajuni. Baba alipofariki mama alibaki peke yake kule kwenye nyumba ambayo paa lilikuwa linaanguka upande mmoja. Dada zangu wako Mombasa. Nikaenda kumchukua nikamleta kwangu mjini.

Nilijiona mtoto mwema sana.

Nikampa chumba, godoro jipya, mkeka mzuri barazani. Mke wangu Halima ni Msomali wa hapahapa mjini, mwanamke mpole, akamwambia, "Mama, wewe sasa ni kupumzika tu. Usiguse kitu."

Akapumzika kweli. Miezi miwili akikaa kwenye mkeka ule. Mwanzo alikuwa anaongea, kisha anajibu tu, kisha hata kujibu akawa anatikisa kichwa. Chakula anakula matonge matatu anasukuma sahani. Nikampeleka kwa daktari, akapimwa kila kitu, akaambiwa hana ugonjwa.

Ikaja mvua ya masika. Asubuhi moja tunaamka, mama hayupo.

Tulizunguka mtaa mzima. Kabla ya adhuhuri tukamwona anakuja na kikapu kichwani, kanga imelowa mpaka magotini, anatembea kama msichana. Ndani ya kikapu, mchunga. Umejaa mpaka juu.

Kwa wasioujua: mchunga ni majani ya porini, yanaota kwenye uwanda wa nyasi baada ya mvua, maua yake madogo ya njano, ukilikata jani linatoa maziwa. Ni mchungu haswa. Unauchemsha, maji ya kwanza unamwaga, unaukamua kwa mkono, halafu unaupika kwa kitunguu na tui zito la nazi. Ukipata na kipande cha papa mkavu, basi.

Siku ile mama alipika mwenyewe. Akala sahani nzima, na mimi nikala kama niliyetoka jela. Halima aliyekuwa amekunja pua (kwao majani ni chakula cha mbuzi, na hunitania kila siku kwamba ameolewa na mbuzi) alionja kijiko kimoja, akanywa maji vikombe viwili.

Nilifurahi wakuu. Nikamwuliza mama, "Umeupata wapi wote huu?"

Akasema, "Kule nyuma ya kambi ya zamani. Uko mwingi, hakuna anayeuchuma."

Nikarudisha tonge sahanini.

Hakuna anayeuchuma kwa sababu pale nyuma ya kambi kuna mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Kila mtu wa Kismayo anajua maana yake. Ule uwanda ulitegwa mabomu ya ardhini wakati wa vita na haujasafishwa. Watu wanapita barabarani tu. Mama alikuja mjini juzijuzi tu, hakuna aliyemwambia.

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mbona kuna njia ya mbuzi mle ndani? Mimi nafuata mbuzi."

Nilimkataza. Nilimsihi. Nilipandisha sauti, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mama yangu. Akasema sawa, amesikia.

Baada ya siku nne, kikapu kingine.

Hapo ndipo raha yangu ilipoisha. Nikiwa kazini nimeshika spana, kichwa kiko kwenye ule uwanda. Mlango ukigongwa kwa nguvu nashtuka. Nikitoka asubuhi naangalia viatu vyake viko wapi. Mchana napiga simu kwa Halima mara tatu, "Mama yuko?" Halima anajibu, "Yuko." Nusu saa baadaye napiga tena. Mwishowe akaniambia, "Ukimfunga kamba mguuni je, si utafanya kazi vizuri?" Tukagombana hapo pia.

Nikawaza: anachokifuata kule ni mchunga. Basi nikiuleta mchunga nyumbani, atafuata nini?

Nikaanza. Nilikata pipa la plastiki nusu, nikajaza udongo, nikachukua yale maua yaliyokwisha kukauka kwenye kikapu chake, yana vimanyoya vyepesi kama pamba. Nikayamwaga. Upepo ukachukua nusu, nusu nyingine wakala sisimizi. Wiki tatu namwagilia pipa tupu. Majirani wananiangalia.

Nikapanda boti la mtu nikaenda Ngumi kwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama, Mwanaesha. Nilipomwambia nataka kujua mchunga unapandwaje alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, nani anapanda mchunga? Mchunga unajiotea!"

Nikamweleza habari ya mawe mekundu. Kicheko kikakatika. Akachukua jembe tukaenda nyuma ya nyumba, akachimba kidogo tu, akanionyesha. Chini kuna mizizi myeupe inayotambaa kwa kulala, minene kama penseli, ukiivunja inatoa maziwa.

"Mbegu achana nazo," akasema. "Huu ndio mchunga wenyewe. Kata vipande vya urefu wa kidole, vilaze, fukia vidole vitatu chini. Kisha uuache."

Neno la mwisho sikulitilia maanani. Mkosi wangu.

Nilirudi na gunia bichi la mizizi. Nikachimba tuta uani, nikatia samadi ya mbuzi, nikafukia, nikamwagilia asubuhi na jioni. Kabla ya mwezi kwisha uani kwangu kulikuwa kijani. Majani mapana, laini, yanang'aa. Nilikuwa naamka kuyaangalia. Hata Halima alipiga picha akawatumia dada zake.

Nikamwita mama kama mtu anayefungua zawadi. Akachuma jani moja, akatafuna, akatema pembeni.

"Haya ni ya mgonjwa," akasema. "Hayana uchungu hata kidogo. Umeyanywesha maji mpaka yamelewa."

Akarudi kwenye mkeka.

Nilikaa pale kwenye tuta langu nikahisi kulia, mtu mzima na ndevu zangu. Na usingizi ukazidi kunipaa, kwa sababu sasa nilikuwa sina mpango mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimefungua injini ya mteja, vyuma vyote vimetandazwa chini. Nikasikia mlio. Si mkubwa sana. Mlio mmoja mzito, halafu kimya. Ulitokea upande wa kambi.

Sikumpigia simu Halima. Nilikimbia.

Nilipofika watu walishasimama barabarani. Ndani ya uwanda moshi mdogo, na mbuzi amelala, nusu yake haipo. Na mbele ya yule mbuzi, kama mita thelathini kutoka kwenye mawe, amesimama mama yangu. Amesimama wima kama nguzo. Kikapu kiko chini pembeni yake.

Nilishavuka mawe mguu mmoja. Askari aliyekuwepo alinidaka kola ya shati akanivuta mpaka nikaanguka.

"Niache! Ni mama yangu!"

"Ukiingia atakuona unakufa," akaniambia kwa Kisomali. "Kaa hapa. Watu wa kutegua mabomu wameitwa."

Nikaita, "Mama! Umeumia?"

Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea dirishani. "Sijaumia. Usije."

(Mama anasema Kibajuni, mimi naandika hivi ili mnielewe wote.)

"Usisogee, Mama! Watu wanakuja!"

"Sisogei. Wewe ndiye unayesogea."

Ni kweli. Nilikuwa nakwenda na kurudi kandokando ya mawe kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Siwezi kusimama, siwezi kukaa. Jua likapanda. Halima akaja na chupa ya maji ambayo hakuna namna ya kumfikishia. Akaishika tu mkononi muda wote.

Nikamwambia mama, "Basi kaa chini upumzike miguu."

"Hapa pananitosha kusimama."

"Mama, jua kali! Kaa kidogo!"

"Nimesema pananitosha!"

Nikajua ni ule ukaidi wake. Nilikasirika, wallahi. Mtu yuko katikati ya mabomu na bado ananibishia.

Kisha akaniuliza kitu ambacho kiliwafanya watu wote barabarani wageuke kuniangalia.

"Ile mizizi uliifukia kwa kuisimamisha au kwa kuilaza?"

"Nini?"

"Mizizi ya mchunga. Pale uani."

"Niliilaza, Mama."

"Vizuri. Na samadi ulitia ya nini?"

"Bado unafikiria mchunga?"

"Nijibu!"

Nikamjibu. Tukaanza kuongea mchunga. Sauti imekauka, lakini anaongea. Samadi iondolewe yote, mchunga unataka udongo wa kichanga, wa njaa. Maji usiupe kila siku, ukiudekeza unasahau kuwa mchungu. Uchume kabla haujatoa maua. Usichume jani la chini, linagusa ardhi. Kila nikitaka kunyamaza ananiuliza swali jingine. Nikianza kukaribia mawe ananiambia rudi nyuma, unanipa kizunguzungu.

Jamaa wa kutegua walifika adhuhuri imeshaadhiniwa. Kiongozi wao alikuwa Msomali wa makamo, mwembamba, mtaratibu mpaka unataka kumpiga. Akapaza sauti, "Hooyo, ha dhaqaaqin." Mama, usisogee. Mama akainua mkono kidogo kuonyesha amesikia.

Mtu mmoja akaanza kuingia. Analala kifudifudi, anapima ardhi mbele yake kidogo kidogo, anaweka alama, anasogea. Nilikuwa nahesabu majani aliyoyapita. Mita thelathini, wakuu. Mimi naweza kuzikimbia huku naongea na simu. Yeye alimfikia mama alasiri.

Alipomfikia niliona anaganda ghafla, anamwambia mama kitu kwa sauti ya chini. Akamshika mkono wa kulia, akamgeuza polepole, wakarudi kwenye njia ya alama, yeye mbele mama nyuma, wanakanyaga hatua kwa hatua. Mama alitaka kikapu chake. Alikataliwa. Akabisha. Akakataliwa tena.

Alipovuka mawe miguu ilimwisha. Halima ndiye aliyemdaka, si mimi. Akamnywesha ile chupa ya maji, maji yenyewe yameshakuwa ya moto, na mama akanywa yote. Halima analia, anamfuta uso kwa shela yake, anamwita hooyo. Mimi nimesimama pembeni, sijui mikono niiweke wapi.

Yule kiongozi akanivuta kando.

"Kulikuwa na kitu kimoja cha kulipuka," akaniambia. "Shibiri mbili kutoka mguu wake wa kushoto, chini ya majani aliyokuwa anachuma. Angekaa chini, angekikalia. Ni mzee huyu, usimwambie leo."

Angekaa chini. Na mimi ndiye niliyekuwa nampigia kelele akae.

Tulipofika nyumbani, baadaye ukasikika mlio mwingine. Walikuwa wanakilipua. Mama yuko kwenye godoro, Halima anamkanda miguu. Akaniangalia.

Nikasema, "Labda wanabomoa jengo."

Akasema, "Labda."

Sikumwambia siku ile. Wala wiki ile. Mwezi ukapita.

Mama hakurudi kule tena. Siku ya tatu aliamka, akachukua jembe, akang'oa tuta langu lote. Lote! Akatoa samadi, akamtuma Halima kuchukua mchanga, akapanda upya kwa mikono yake kwenye kona kavu zaidi ya ua. Akawa anaamka alfajiri kuchambua. Akaanza kula. Akaanza kugombana na Halima kuhusu kamba ya kuanikia nguo iliyoupa kivuli mchunga wake. Nyumba ikawa na kelele nzuri.

Mazao ya kwanza yalitoka madogo, magumu, machungu mpaka unafumba jicho moja. Mama alitafuna akasema, "Eeh." Hiyo tu.

Wanawake wa kutoka visiwani wanaoishi mtaani wakaanza kubisha hodi. Huyu wa Kudhaa, yule wa Ngumi. Hachukui kitu kwao. Anawapa majani, na anayetaka kupanda anampa mizizi na somo refu.

Lakini mimi sikutulia. Kila nikimwona ameinama kwenye lile tuta nasikia sauti yangu mwenyewe, kaa chini, kaa chini. Nilikuwa siwezi kula naye sahani moja bila kuangalia pembeni. Nikawa mkali kazini. Halima nilishamwambia, akasema, "Mwambie, au achana nayo. Ukikaa katikati unatuchosha."

Ijumaa moja baada ya swala nilimkuta uani anakata mizizi kwa ajili ya jirani aliyehamia kutoka Kudhaa. Nikachuchumaa tukaanza kukata pamoja. Nikamwambia.

"Mama, siku ile pale ulipokuwa umesimama kulikuwa na bomu karibu na mguu wako. Niliambiwa nisikwambie. Na mimi nilikuwa nakwambia ukae."

Kisu chake hakikusimama.

"Mguu wa kushoto," akasema.

Nikaacha kukata.

"Nilikiona. Kilikuwa kama kifuniko cha sufuria kimechungulia kwenye majani. Nilikiona kabla ya yule mbuzi. Ndiyo maana nilikuwa nimesimama, nafikiri nitarudi vipi. Kisha mbuzi akalipuka nikajua ni chenyewe."

"Kwa nini hukusema?"

Akaniangalia sasa.

"Ningekwambia kiko mguuni pangu, wewe ungebaki nje ya mawe?"

Kola ya shati langu lile bado imechanika alipoivuta yule askari.

"Basi," akasema. "Mchu ana mwana mmoja wa kiume, hamwambii kila kitu." Mchu ni mtu kwa Kibajuni. "Nikaona nikikuuliza habari za mchunga utakuwa na la kujibu. Ukiwa na la kujibu husogei."

Nilimwuliza jambo moja ambalo lilikuwa linanichoma tangu mwanzo. Kwa nini alirudi kule baada ya mimi kumkataza?

Akasema, "Pale kwenye mkeka nilikuwa kama mzigo ulioshushwa, unangoja mwenyewe aje auchukue. Kule nilikuwa natafuta kitu, nakipata, nakileta, watu wanakula. Nilijua ni hatari. Lakini mkeka nao ulikuwa unaniua, huo hukuuona."

Kisha akachukua kipande cha mzizi mkononi mwangu akasema nimekata kirefu mno.

Nilichojifunza ni hiki, na mnaweza kunipinga. Mimi nilidhani mama anataka mchunga. Nikaupanda mimi, nikaumwagilia mimi, nikamletea kama mgeni. Kumbe nilikuwa namnyima kazi kwa mara ya pili, baada ya ile ya nyumbani tuliyomwambia asiguse. Ulipokuwa wake, akaupanda yeye, akabaki nyumbani bila mtu kumwomba. Ningemwachia tangu ile siku ya gunia, labda asingesimama kwenye jua lile.

Na walio karibu na sehemu zenye mawe mekundu: msifuate njia ya mbuzi. Mbuzi hajui kitu.

Kwa yule ndugu aliyeuliza na kuchekwa: ndiyo, mchunga unapandwa. Mizizi, ya kulaza, urefu wa kidole, udongo wa kichanga, bila samadi. Halafu mpe mwenye ujuzi nao, wewe kaa mbali.

Nawakaribisha. Kuna aliyewahi kumhamishia mzazi mjini akamwona anafifia? Mlifanyaje? Na nyinyi mliofichwa jambo na mama zenu ili mwokoke, mlijuaje? Andikeni nitasoma zote, ila nitachelewa kujibu. Leo ni zamu yangu ya kumwagilia na mwenye tuta amenipimia vikombe viwili tu, amekaa barazani ananiangalia nisizidishe.